Nilizima Maji Ili Mstari Usifutike

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata graniti bila maji. Maji hulaza vumbi, lakini hufuta mstari wa penseli, na mimi sikuweza kuvumilia ukingo uliopinda hata kidogo. Kazi nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video, kwa hiyo kila mteja niliogopa atagundua. Nilizima maji nikainama karibu na jiwe.

Karakana yetu iko Kinoo. Tunatengeneza meza za jikoni. Mwenzangu Wafula alikuwa akinicheka tukifunga kazi: "Niaje, mandazi! Umejipaka unga mpaka kwa kope." Nami nilicheka.

Kikohozi kilianza. Kliniki ya karibu ilinipima kifua kikuu, sikuwa nacho, nikapewa dawa ya kikohozi. Baadaye nikawa nikipanda ngazi natweta. Kisha vidole vikavimba. Asubuhi havikukunjika, na mama ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Kwa ajili ya vidole nilienda duka la dawa River Road, nikanunua vidonge vya maumivu. Mhudumu wa kliniki sikumwambia habari za vidole, wala muuza dawa habari za kikohozi. Niliona ni magonjwa mawili, na kulalamikia yote kungenifanya nionekane mdhaifu.

Siku moja penseli ilinianguka mbele ya mteja, nikashindwa kuiokota. Hapo niliogopa kweli. Bila vidole sikuwa na kazi.

Mama alinipeleka hospitali Upper Hill. Daktari alitazama picha ya kifua, kisha akashika mikono yangu na kubonyeza viungo.

"Unafanya kazi gani?"

"Biashara."

"Biashara gani hiyo, na mikono hivi?"

Mama akadakia: "Daktari, huyu hukata mawe. Nikifua nguo zake, maji inakuwa kama uji."

Vipimo vya damu vilionyesha baridi yabisi. Daktari alieleza kwamba vumbi laini la mawe lilikuwa limeacha makovu mapafuni. Kwa watu wengine, alisema, vumbi hilo huweza pia kuchochea kinga ya mwili mpaka ishambulie viungo vya mtu mwenyewe.

"Atapona?" mama aliuliza.

"Vidole tutajaribu kuvituliza. Makovu hayatoki. Lakini vumbi aliache leo."

Dawa zilinichafua tumbo. Uvimbe ulipungua polepole. Asubuhi niliyofunga vifungo mwenyewe, mama alinitazama akasema, "Haya, sasa hata sufuria utaosha."

Namshukuru Mungu, na mama, na daktari aliyerudia swali. Wewe unayekata mawe, ukiugua, taja kila kinachokuuma, na useme mikono yako inashika nini kutwa.

Bado napumua kwa shida mlimani. Siku hizi napima na kuchora tu, kisha natoka nje. Wafula hukata, amevaa barakoa, maji yakitiririka. Mstari ukifutika anazima mashine na kuniita, nami nauchora tena.