Jani Nililolizika kwenye Mkebe

Juzi, katika duka moja pale Garsen, niliona mmea wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, nikasahau kilichonipeleka.

Bibi yangu alikuwa na mmea kama huo nyumbani Ngao. Aliutoa msituni, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mimi nilivunja jani moja. Kwa hofu nikalizika kwenye mkebe wa mafuta, ndani ya tope la mto, nikaliombea kama maiti.

Miezi ikapita, mto ukafurika. Tulikimbilia mahemani, mimi nimekumbatia mkebe. Maji yakabeba nyumba na mmea.

Alasiri moja, hema likinuka moshi na nguo mbichi, Bibi aliulilia mmea wake mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikaumwaga mkebe miguuni pake, nikingoja kofi.

Jani lilikuwa bado kijani. Chini yake palikuwa na kiazi kidogo kama njugu, chenye mizizi myeupe.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. "Mwanangu," alinong'ona, "ulizika kitu kizima."

Niliamini dua yangu ndiyo iliyolifufua jani. Sasa najua jani la mmea ule huota lenyewe. Hata hivyo, nilitoka dukani nimefumbata jani moja, midomo ikirudia dua ile ile.