Nilivyokandwa na mkunga ndani ya godauni la ufuta, Gerezani

Wakuu wa jamvi, salaam zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Shule sikukaa sana, kwa hiyo mwandiko wangu mnivumilie. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa mjini, na majina nitayataja. Anayeona nimemzulia aje Kariakoo anikanushe mbele ya watu.

Enzi hizo Mjerumani ameondoka juzi juzi, Mwingereza ndiyo anaanza kuzoeleka. Nilikuwa nachambua ufuta na karanga kwa tajiri mmoja Mwarabu, godauni lake liko Gerezani karibu na reli. Mume wangu alikwenda bara na kazi za reli, akapotelea huko huko. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inanilisha.

Mwanzo tulichambulia nyumbani. Mkokoteni unaleta gunia, mnakaa uani, mnapepeta huku mnapiga soga, jioni linafuatwa. Aliyejifungua alilala ndani mpaka arobaini yake, wenzake wakamshikia kazi.

Akaja msimamizi mpya. Feruzi bin Mabruki, mtu wa Buguruni. Huyo ndiye wa kwanza ninayemtaja.

Feruzi akasema majumbani tunaiba, wote tuje godauni. Ungo wa kila mwanamke ukatundikwa ukutani kwenye msumari wake. Usipoonekana, ungo wako anapewa mwingine. Na gunia ubebe mwenyewe mpaka kwenye mizani, uwe na mimba usiwe nayo.

Shoga yangu Siwema alikuwa wa kwanza kuzaa chini ya amri hiyo. Akarudi kazini mbichi kabisa, maana aliogopa ungo wake. Akanyanyua gunia, damu ikamtoka, akaanguka pale pale kwenye mizani. Hakuamka.

Feruzi akasema ni jini lake la siku zote. Siwema hakuwa na jini, wakuu. Alikuwa na gunia la karanga.

Mimi wakati huo tumbo lilikuwa limeshachomoza. Aliyenilelea mimba ile ni mkunga wetu, Bi Mwanahawa, anakaa nyuma ya soko. Mfupi, mnene, tambuu haikauki mdomoni. Alikuwa anapita godauni saa ya chakula, anatushika matumbo nyuma ya magunia, anawaambia wenzetu: "Huyu asibebe. Mbebeeni." Wakanibebea.

Nikajifungua mtoto wa kike. Kondo ya nyuma ikakataa kutoka, nikamwaga damu mpaka nikawaaga watu. Bi Mwanahawa hakuniaga. Alinitukana! "Ukifa, Zuhura, nitakufuata huko huko nikuchape." Akaniokoa.

Sasa sikilizeni wa pili. Tatu binti Kondo, tuliyepanga naye nyumba moja na kuchambua naye godauni. Aliniona nimejikokota uani kwenda kuoga, akaenda kumwambia Feruzi kuwa Zuhura mzima, anajidekeza tu.

Ikaja salamu: kesho asipokuja, ungo unashuka.

Nililia. Nikikaa, mimi na mtoto tunakula nini? Nikienda, nafuata njia ya Siwema.

Bi Mwanahawa alikuwa ananifunga mkaja, kile kitambaa cha tumbo. Akatema tambuu. "Utakwenda, mwanangu. Kama kazi inamtaka mzazi, itampata na mambo yake yote."

Asubuhi akanipandisha mkokoteni na mtoto wangu. Nyuma yetu wanawake wa mtaani na chungu cha maji ya moto, mkeka, kanga, majani ya kukandia. Watu wa sokoni wakadhani tunapeleka harusi.

Tukaingia godauni. Akatandika mkeka katikati, pale pale kwenye mizani. Akapaza sauti:

"Wanaume tokeni! Mzazi anakandwa!"

Hamali wakatupa magunia wakatoka mbio. Mmoja anacheka: "Mimi mama yangu hakunizaa nije kuchungulia wazazi." Karani naye akatoka. Nani abaki, mwanamke anavuliwa kanga?

Feruzi akasimama mlangoni, kageuza uso. "Bibi, hapa kazini!"

"Na mimi niko kazini. Ingia basi unishikie chungu."

Hamali wakamzomea. "Ingia Feruzi! Ingia ukande!"

Bi Mwanahawa akanikanda taratibu kama yuko chumbani kwake. Akimaliza mimi, anamkanda mtoto. Akimaliza mtoto, maji yamepoa, yachemshwe tena. Nje mikokoteni imepangana mpaka njiani, ufuta hautoki wala hauingii.

Kesho yake tukaja tena. Kesho kutwa tena.

Ndipo tajiri akaja mwenyewe. Akasimama nje, kageukia reli, anaongea na ukuta. "Bi mkubwa, mtamaliza lini?"

"Arobaini ikitimia, bwana. Na kuna mwingine anazaa mwezi ujao, naye nitamleta."

Mara tukamsikia: "Feruzi, nani kamtoa mzazi ndani?"

Lile jini Feruzi hakulitaja siku hiyo.

Yakaamuliwa pale pale, mlango uko katikati. Mzazi akae kwake mpaka arobaini, ungo wake usiguswe. Mwenye mimba asibebe gunia. Mkunga aingie godauni wakati wowote. Bi Mwanahawa akamtaka tajiri ayarudie kwa sauti, hamali wote wasikie. Akayarudia.

Msidhani Feruzi alifukuzwa. Alibaki, na kanzu yake nyeupe. Na Tatu alipozaa alilala arobaini yake yote, akila uji wa pilipili manga, kwa amri tuliyoipigania sisi. Hakuwahi kuniambia ahsante. Sijamsamehe, na huu umri nilio nao sidhani kama nitaanza leo.

Nililojifunza ni hili: mwanamke mmoja akilia mlangoni anafukuzwa. Wakija na mkunga, chungu na mkeka, wakakaa katikati ya kazi, watasikilizwa hata na asiyetaka.

Niliporudi, ungo wangu ulikuwa kwenye msumari wake. Ungo wa Siwema alikuwa anautumia mgeni. Nikamwomba, akanipa. Nikapita nao mbele ya Feruzi, akaangalia chini.

Binti yangu ameshakuwa mkubwa, anapepetea mchele ungo huo huo. Anaitwa Siwema.

Haya wakuu, nimemaliza yangu. Mliofanyiwa kama haya mseme, na majina msiyafiche.