Meza Mbili kwa Mtaliano

Juzi nilikwenda Mpanda mjini kununua dawa ya kuku, nikapita nyuma ya stesheni. Pale palipokuwa na hoteli ya Mtaliano sasa wanachaji simu. Nikasimama nikapatazama, mpaka kijana wa dukani akaniuliza, "Bibi, umepotea?" Nikamwambia sijapotea, wewe ndiye uliyekaa mahali usipopajua.

Nikueleze na wewe, maana hukuwepo. Miaka ya tisini ilikuwa inaanza, mimi nina kama miaka kumi. Huyo Mtaliano hakuwa Mtaliano. Alikuwa Mfipa mfupi mwenye kitambi, aliyewapikia mapadri wa Kitaliano mpaka walipoondoka, ndipo akafungua hoteli yake. Chumba kimoja kidogo chenye joto, mapazia mekundu, mshumaa ndani ya chupa ya soda, harufu ya kitunguu saumu imeshika mpaka ukutani. Alipika tambi, bei ya mtu wa kawaida. Watu wa reli walipapenda. Sisi wa Magamba tulikuwa watu wa ugali na maharage, tambi tunaziona Krismasi tu, zimetiwa sukari.

Dada yangu alikuwa amepata mchumba, karani wa pale stesheni, kwao Morogoro. Mshenga alishakuja mara mbili na baba hakusema ndiyo wala hapana. Kijana akaona atualike chakula cha jioni kwa Mtaliano. Baba akakubali. "Nikamwone anavyokaa na watu," akasema.

Sasa, kwetu wakati ule mkwe hali chakula na mama mkwe. Hata macho hayakutani. Mama akimwona mkwe njiani anaacha njia, anapita majanini. Mtu wa Morogoro angeyajulia wapi hayo? Dada akanituma kwake kwa siri: "Mwambie meza mbili. Mama na sisi huko, yeye na baba huku. Usisahau, nyie watoto mnasahau sana."

Sikusahau. Kijana alinisikiliza vizuri, akanishika mkono tukaenda wote kwa Mtaliano. Akamwambia mbele yangu, "Mzee wangu, meza mbili, na pazia katikati." Mtaliano akajibu, "Ondoa shaka."

Siku ilipofika tulitembea kutoka Magamba, baba mbele na shati lake la kanisani. Tulipoingia, meza zilikuwa mbili kweli, lakini Mtaliano alikuwa amezisogeza zikagusana na kutandika kitambaa kimoja juu. "Wageni wakubwa hawa!" akasema anacheka. "Kwa mapadri watu wote wanakula meza moja. Karibuni, kaeni, kaeni!"

Kijana alipoona akafungua mdomo. Akamtazama mzee wa watu alivyofurahi na kitambaa chake, akaufunga. Mama akakaa mwisho kabisa, akajifunika kanga mpaka puani, uso kaugeuzia ukuta.

Tambi zikaja. Mimi nilitegemea sukari. Zilikuwa chachu kwa nyanya, zimepoa, chumvi hakuna, zinateleza kama mlenda. Baba akajaribu uma, tambi zikamwangukia kifuani. Hakuna aliyecheka. Mtaliano akainama kwa mama, "Mama, huli? Nikuongezee nyanya?" Mama hakugeuka. Nikasikia sufuria linachemka jikoni.

Baba akaweka uma chini. "Nani amepanga meza hizi?"

Mtaliano alikuwa amesimama palepale, kicheko kimemkauka. Kijana akainamisha kichwa. "Kosa ni langu, baba."

Dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga tena, kwa nguvu. Yeye asingeweza kusema, angesema baba angejua wanatumiana maneno. Mimi ningeweza. Lakini mtoto kuingilia maneno ya wakubwa ilikuwa fimbo, na mdomo wangu ulikuwa umejaa tambi. Maana mimi nilikula. Mbaya hivyohivyo, nilizila.

"Basi umeshatuonyesha," baba akasema, akainuka. Tukatoka. Nyumbani mama akasonga ugali, tukala. Dada hakula. Mshenga aliambiwa asirudi, na haikupita masika kijana akahamishwa.

Dada akaolewa Kibaoni na mkulima wa mpunga, mtu mpole, mcheza ngoma. Siwezi kusema aliteseka. Leo mkwe wangu mimi anakaa nami mkeka mmoja, anachovya bakuli moja, ananiambia, "Mama, sukuma mchuzi huku." Nami nasukuma. Ile haya imekwisha, sijui iliondoka lini, hakuna aliyeiaga. Wajukuu nikiwaambia wanadhani natunga. Ndicho kinachoniuma, rafiki yangu: jambo lililomkosesha dada yangu mume, leo halina uzito hata wa kumzuia mtu kuomba mchuzi.

Nilikaa na siri yangu ya jioni ile muda mrefu. Mwaka mmoja nilikwenda Kibaoni kumsaidia dada kuvuna, tukiwa tunapura, nikamwambia: baba angejua kijana aliagiza meza mbili, pengine angekubali, nami niliogopa fimbo. Hakuacha kupura. Alipiga mganda wake mpaka punje zikaisha, akautupa pembeni, akachukua mwingine.

"Ungesema tu," akaniambia. "Ungepigwa kidogo."