Siku niliyogeuka gari pale Rohero

Mi mpaka leo nikipita ile njia panda ya Rohero nainamisha kichwa, maana kuna watu mjini humu hawajui jina langu, wananijua tu kama yule fundi aliyeruka-ruka barabarani na suti.

Ilikuwa wakati wa vita, kila jioni watu wanakimbilia nyumbani kabla njia hazijafungwa, magari yanabanana ajabu, basi mi fundi wa taa za barabarani nikatengeneza sanduku la akili (jina nililipa mwenyewe, kwa kujisifu): mpira wenye hewa unalazwa juu ya lami, magari yakiukanyaga sanduku linahesabu, upande wenye magari mengi unapewa kijani. Jumamosi asubuhi tulipokuwa tunaufunga, mwenzangu Kabura akaniambia, "Zuberi, sogeza mupira nyuma. Jioni askari wanasimama hapa, madereva hawatafika." Lakini nyuma lami imechimbika, na mi nina haraka ya arusi ya dada yangu Mwajuma. Nikasema, "Apana, hapa hapa."

Saa kumi tuko kwenye msafara wa arusi, mi gari ya kwanza, namwambia dereva, "Utaona, taa yangu itatuona!" Nyekundu. Tunangoja. Bado nyekundu! Dereva kasimama mbali, anamwogopa askari aliyesimama pale kwenye mpira, mpira hatujaugusa, na sanduku linaamini barabara yetu haina mutu, wakati ule upande mwingine magari yanamiminika tu. Nyuma honi, na ufunguo wa sanduku (ee Mungu wangu) umebaki kwenye suruali ya kazi.

Nikashuka, mikono juu. "Komanda, naomba niukanyage huo mupira, niwe kama gari."

Askari akanitazama mpaka viatu. "Haya, kuwa gari."

Nikaruka! Moja, mbili, tatu, wapita njia wanahesabu kwa sauti, wamama wa arusi wanapiga vigelegele, jasho linanitoka, na kwenye kumi na mbili, kijani! Msafara ukapita mbio, Mwajuma akatoa kichwa dirishani na shela yake: "Kaka! Ndiyo akili yenyewe hiyo?"

Wakaniacha. Nilitaka kuwakimbilia, lakini taa ikarudi nyekundu, na teksi nyuma zikapiga kelele, "Ruka tena, fundi, tutachelewa!" Na yule askari, bila hata kucheka: "We gari, endelea."

Niliruka mpaka foleni ikaisha. Nilipofika arusini wanakunja mikeka.

Tangu hapo nimeapa: sifungi chombo barabarani kabla sijasimama hapo jioni nzima nikaona madereva wanasimama wapi kweli, siyo pale mi ninapotaka wasimame.