Ukuta wa Walukuba Uliobaki Bila Maneno

Nilikwenda Uganda kwa sababu ya mama wa saruji. Wenzangu wa mji wetu mnamkumbuka: yule aliyesimamishwa katikati ya mzunguko wa barabara, mtungi kichwani, uso umekunjamana kama wa mtu anayeumwa jino. Hakuna aliyetuuliza kabla hajaletwa. Tuliamka tukamkuta. Madereva walilalamika kwamba anawakinga wasione magari yanayotoka upande wa soko, watoto walimwogopa, na mkono wake ulipokatika haikujulikana ni nani wa kuurudisha. Siku alipobomolewa watu walishangilia. Nilishangilia nao, ingawa ni mwalimu wa sanaa na nilijua kuna mtu aliyetoka jasho akimfinyanga.

Mji ulipounda kamati ya kuamua kitakachowekwa pale mahali pake, niliombwa niingie. Nikawaambia sitasema lolote kabla sijaona mahali ambapo kazi hii inafanywa kwa akili. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuishi ng'ambo ya mpaka akasema niende Mbale kwanza, kisha Jinja, akanipa majina ya watu wawili wa kuwatafuta.

Jumatatu asubuhi nilivuka mpaka wa Malaba nikiwa na begi moja na kalamu za kuchorea. Tulipopita Tororo mvua ilikuwa imenyesha, na kadiri tulivyokaribia Mbale ndivyo mlima wa Wanale ulivyozidi kuinuka mbele yetu, maporomoko membamba ya maji yakishuka mwambani kama nyuzi nyeupe. Ukiwa Mbale, mlima huo unauona kila unapogeuka. Niliwaza kwamba msanii anayefanya kazi chini ya kitu kama hicho hana budi kuwa na adabu.

Mwenyeji wangu Mbale alikuwa Nambozo, mwanamke wa makamo anayesimamia utunzaji wa kazi za sanaa zilizo nje, mitaani na sokoni. Nilimtarajia nyuma ya meza. Alikuja na ndoo, sifongo na kipande cha sabuni ya kufulia. Nilimsalimu kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa kifupi, kisha akacheka akijitazama. Akanieleza kwamba nilipofungua tu kinywa alijikuta amesimama wima. Alipokuwa mdogo, mtu aliyesema Kiswahili laini namna ile alikuwa amevaa sare ya jeshi.

"Nyabo, hapa ukisema hivyo kwa duka, watakuita afande," akaniambia, akiniita bibi kwa Luganda, na kweli alasiri ile muuza ndizi aliniita afande mara mbili.

Tulikwenda Namatala, mtaa wa vibarua na wachuuzi, nyumba zimeshikana mabega. Penye bomba la maji pana ukuta mfupi uliopambwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjika: mlima, mito mitatu, na wanawake wenye madumu ya njano. Wanawake halisi walikuwa wamepanga foleni mbele yake na madumu yao ya njano, wala hakuna aliyeushangaa. Nambozo alianza kuusugua. Mwanamke anayeuza mkaa kando ya bomba akainuka, akamnyang'anya sifongo na kuendelea mwenyewe, akinung'unika kwa Lumasaba. Nambozo alinitafsiria kwamba analalamika ameachiwa sabuni mbaya.

Huyo muuza mkaa ndiye mtunzaji wa ukuta ule. Alichaguliwa na watu wa bombani kabla hata kigae cha kwanza hakijabandikwa. Nambozo alinieleza utaratibu wao, nami nawaletea kama alivyousema: mchoraji akija na wazo, swali la kwanza wanalomuuliza ni nani atakayeitunza kazi akishaondoka.

"Kitu haina mtu wa kukitunza, sisi hapana jenga," alisema. "Hata kama ni nzuri namna gani."

Kesho yake alinionyesha sanamu ya vyuma chakavu ya mwanamke anayechuma kahawa, mgongo umepinda, vidole vimetengenezwa kwa minyororo ya baiskeli. Zamani ilikuwa kwenye njia panda. Watu wa bodaboda walisema inawazuia kuona, na kamati ikaenda ikasimama pale pale njia panda asubuhi nzima, ikaona kwamba ni kweli, ikaihamisha. Nambozo hakuona aibu kunisimulia hilo. Mimi ndiye niliyeona aibu, nikimkumbuka mama wetu wa saruji na jinsi wakubwa wetu walivyowajibu madereva kwamba watazoea.

Jumatano niliingia Jinja. Waiswa, mwenyekiti wa kamati ya sanaa ya mji, alinipokea kwenye barabara ya maduka ya zamani, yale yaliyojengwa na Wahindi, yenye baraza pana na miaka ya ujenzi iliyochongwa juu ya paa. Ni mtu mrefu, mtaratibu wa kusema, aliyewahi kuwa msanifu majengo. Tulitembea kivulini mwa baraza, naye akinionyesha zaidi yale ambayo hayakufanywa kuliko yaliyofanywa: ukuta huu walikataa usichorwe kwa sababu nakshi zake zatosha, pale wameacha wazi watu waendelee kupumzika. Sijawahi kukutana na mwenyekiti anayejivunia nafasi tupu.

Halafu akanieleza habari ya shuka, na hapo ndipo nilipojua kwa nini nilitumwa Jinja. Kabla picha yoyote kubwa haijachorwa ukutani, msanii huichora kwanza kwenye shuka la ukubwa ule ule, nalo hutundikwa mahali penyewe kwa majuma kadhaa. Watu hupita, hulitazama jua likiwaka na mvua ikinyesha, huzoea au huchukia. Kisha kamati huja kuwasikiliza hapo hapo. Wanaoanza kusikilizwa, na wanaomaliza, ni wale ambao milango yao inautazama ukuta.

Shuka moja lilikuwa limetundikwa Walukuba, na kikao chake kilikuwa Alhamisi. Waiswa alinialika.

Walukuba ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Nyumba zake ndogo zimekaa kwa mistari, na wengi wa wazee wake walikuja vijana kutafuta kazi, kutoka kila upande wa nchi. Shuka lilifunika ukuta mrefu wa ghala kuukuu. Lilionyesha watu wakitoka kiwandani zamu inapobadilishana: baiskeli, mashati yaliyofunguliwa vifungo, mtu anayejinyoosha mgongo. Msanii, binti mmoja wa mjini Jinja aitwaye Zaituni, alikuwa amechora mikono vizuri kuliko nilivyoona popote. Chini ya picha aliandika kwa herufi kubwa: ZAMU IMEKWISHA, TWENDE NYUMBANI.

Nakiri moyo uliniruka nilipoona Kiswahili pale.

Kikao kilifanyika mbele ya ukuta, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Watu walisema Lusoga na Luganda, na Zaituni akaketi karibu nami akinitafsiria kwa Kiswahili safi, maana nyumbani kwao ndicho kinachosemwa. Sifa zilikuwa nyingi. Mtu wa duka la jirani aliomba jina la duka lake liandikwe kwenye baiskeli mojawapo, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha akakataliwa kwa upole. Nilidhani kikao kimekwisha.

Ndipo aliposimama Mama Kagoya, mwanamke wa umri wa mama yangu, ambaye mlango wake unatazamana na ukuta. Alisema picha ni nzuri na angependa ibaki, lakini yale maneno yaondolewe. Hakutoa sababu, akaketi.

Aliyemjibu ni mzee aliyeitwa na wote Afande Okello. Ni mtu wa kaskazini, askari wa magereza aliyestaafu, na Zaituni alininong'oneza kwamba maneno yale yeye ndiye aliyeyapendekeza. Alizungumza kwa Kiswahili, mikono nyuma.

"Watu wanasema Kiswahili ni ya bunduki," alisema. "Mimi nilipata hii lugha kwa kiwanda, kabla sijavaa nguo ya serikali. Pale tulikuwa kabila nyingi: Musoga, Mugisu, Muteso, Mulango. Bila Kiswahili, nani angeniambia mashine inakula mkono yangu? Hii ndiyo ilikuwa lugha yetu ya kwenda nyumbani."

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Nami nilikubali. Nilikuwa nimeshaanza kupanga la kusema iwapo ningeulizwa.

Mama Kagoya hakusimama tena. Alijibu akiwa ameketi, na mara hii hakuhitaji mkalimani.

"Afande, Kiswahili mimi najua. Neno ya kwanza nilijifunza ni 'fungua'. Walisema fungua, baba akafungua. Hatukumuona tena. Sasa mnataka kila asubuhi mimi nikifungua mlango yangu, hiyo lugha inaningoja kwa ukuta."

Afande Okello alibaki amesimama, mikono bado nyuma, akiyatazama yale maneno kwenye shuka kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine.

Waiswa hakuita kura. Aligeuka akaniuliza mimi, mgeni mwenye lugha, kama nina neno. Nilikuwa nayo mengi. Nilitaka kusema kwamba lugha haina hatia, kwamba kwetu ni ya kubembelezea watoto na kupatanishia majirani. Yalikuwa ya kweli, yakanijaa kinywani, na yote yakaonekana madogo.

"Mimi naishi mbali na ukuta huu," nilisema. "Keshokutwa nitaondoka. Yeye ataamka hapa."

Afande Okello aliketi polepole. Akasema, "Neno yangu ni nzuri. Lakini si ya mbele ya mlango yake. Nimeitoa." Hakutabasamu. Aliongeza kwa sauti ya chini kwamba sasa wale watu wa kiwanda watakuwa bubu, na hilo linamuuma. Waiswa alimwambia kamati imelisikia hilo pia. Kisha akatangaza kwamba maneno yataondolewa na shuka litatundikwa upya kabla ukuta haujaguswa.

Tukirudi mjini nilimuuliza Waiswa kama si hatari mtu mmoja kuweza kuwazuia wengi. Alisema hata yule wa duka alikuwa mtu mmoja, na hawakumkubalia. Wanachopima ni nani atakayeishi na kitu, na kitamfanya nini. Akakiri kwamba wakati mwingine wanakosea, na kwamba usiku wa siku kama ile huwa halali vizuri.

Ijumaa asubuhi nilirudi Walukuba kumwona Zaituni akifanya kazi. Alikuwa ameshayafunika maneno kwa rangi nyeupe na sasa anatazama nafasi iliyobaki chini ya picha. Nilimwuliza kama ameumia. Alisema ndiyo, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya mama yake, na kwa sababu hakuwaza kumwuliza mwenye mlango kabla ya kuandika.

Mama Kagoya alitoka akiwa na kikombe cha chai, akasimama akitazama. Kisha akasema kwa Lusoga kwamba picha ina kosa: wanawake hawamo. Mama yake alikuwa akimpelekea baba chakula getini, yeye na wanawake wengine, wakingoja king'ora. Zaituni akachukua kipande cha makaa akaanza kuchora pale pale yalipokuwa maneno. Mama Kagoya alimsahihisha: chakula hakikubebwa hivyo, kilifungwa kwenye majani ya mgomba, kikawekwa kikapuni, na kitambaa cha kiunoni kilifungwa fundo upande, si mbele. Mwanamke wa kwanza akatokea, kisha wa pili.

Afande Okello akafika, akasimama mbali kidogo. Mama Kagoya alimwuliza jambo bila kugeuka. Mzee alimjibu kwa Lusoga, na hata mimi nisiyeijua lugha hiyo nilisikia jinsi alivyoivunjavunja. Mama Kagoya alicheka, akamsahihisha neno, naye akalirudia. Zaituni alinieleza baadaye kwamba alikuwa ameulizwa geti lilifunguka kwa ndani au kwa nje. Walibaki pale wakibishana habari ya geti hadi chai ikapoa.

Jumamosi niliagana nao, na jioni nilikuwa nimeshavuka mpaka.

Wanakamati wenzangu walitarajia nirudi na michoro ya sanamu. Niliwaeleza habari ya shuka, ya muuza mkaa na sifongo lake, ya mwenyekiti anayejivunia nafasi tupu. Nimejifunza kwamba miji hiyo miwili haina wasanii wengi kutushinda wala ukwasi wa kutushinda. Wanachotushinda ni subira ya kumsikiliza mtu atakayekiona kitu kila siku, hata akisema wasilopenda kulisikia. Baadhi ya wenzangu walikubali. Wengine walisema tutachelewa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye mzunguko wetu, watatu, kwa miguu. Tulianza na fundi viatu aliye karibu zaidi, mtu ambaye nimempita kwa miaka bila kujua jina lake. Anaitwa Barasa. Tulimweleza kwamba mji unataka kuweka kitu pale mbele yake na kwamba tumekuja kumsikia kwanza. Aliendelea kushona kisigino, akitutazama mmoja mmoja.

"Na nikikataa?" akauliza.

Nilimwambia basi tutaanza upya.

Aliweka kiatu chini, akafuta benchi lake dogo kwa kiganja, akatuambia tuketi.