Vitanda Viwili vya Bunju

Zamani mambo ya chumbani yalikuwa na mlango. Siku hizi yana kipaza sauti, na anayekishika mara nyingi ni mtu ambaye hata kitanda chake mwenyewe hajui kukitandika.

Projestus alikuwa mtu wa mlango. Alizaliwa Kamachumu, enzi ambazo kijana alioa mke aliyechaguliwa na shangazi zake, wala hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Alifunga ndoa kanisani akiwa na miaka ishirini na miwili. Mke yule alikaa naye misimu mitatu ya kahawa, wa nne akaondoka na mchuuzi wa samaki wa Mwanza na hakugeuka nyuma. Projestus naye akashika njia ya Dar es Salaam, akapata ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo. Elimu yake ya shule ya msingi akaiongezea mwenyewe, kwa kusoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hata zile za kufungia vitumbua.

Kiwandani ndiko alikomkuta Felicitas, Mmatengo wa Mbinga, mpole wa sauti na mgumu wa moyo kama jiwe la kusagia. Wakakaa pamoja. Wakajenga Bunju wakati Bunju bado ni mikorosho. Wakazaa watoto watatu, wa kwanza Benson, wote wakabatizwa. Lakini ndoa haikuwezekana, kwa kuwa yule mke wa kwanza alikuwa hai, na mbele ya kanisa ndiye aliyehesabika kuwa mke. Basi kila Jumapili, foleni ya komunyo ikianza kusogea, Felicitas alibaki kwenye benchi, amekunja miguu kando ili wenzake wapite. Hakulalamika. Ila Projestus alimwona anavyofumba macho asiwaone wanaopita.

Aliyewafungulia njia ni Padri Benedikto, Mungu amrehemu, mzee aliyenuka ugoro. Aliwaita sakristia, chumba cha mavazi ya misa, akazungumza nao huku anakunja stola yake ya shingoni. Hakuwatazama usoni, kwa sababu mtu wa zamani hakumtazama mwenzake usoni akisema jambo la namna ile.

"Ipo njia. Kaeni nyumba moja, mlee watoto wenu, ila mlale kama kaka na dada. Mkiweza hilo, ungameni na mpokee. Lakini mpokelee mahali msipojulikana, ili wanaojua habari zenu wasikwazike."

Mkiweza. Projestus alikuwa na miaka hamsini na mmoja, Felicitas arobaini na minne. Huo si umri wa mtu kupumzishwa. Akanunua kitanda cha pili, cha futi tatu, na fundi alipouliza ni cha mtoto gani, akajibu ni cha mgeni. Mwaka ule wa kwanza alichimba shimo la choo ambalo nyumba haikulihitaji, ili mradi alale amechoka. Felicitas alizidisha matuta ya mchicha mpaka majirani wakashiba mboga ya bure. Hatimaye wakazoea, kama mtu anavyozoea kufunga Kwaresima. Na kila Jumapili wakaenda Kawe, misa ya kwanza, wakapokea miongoni mwa watu wasiowajua, wakarudi Bunju na maandazi ya moto. Hawakumwambia mtu. Ungemwambia nani, na kwa maneno gani?

Siku hizi maneno yapo tele, na wenye kuyasema ni wengi zaidi ya wenye kuyaishi. Pale kwenye jumuiya yao ya sala, Bunju, walikuwapo wawili wa aina hiyo. Wa kwanza ni Hope, binti wa miaka thelathini anayefanya kazi kwenye shirika fulani mjini, ambaye aliwashonea vijana wa parokia fulana nyeupe zenye neno NASUBIRI kifuani, yaani mpaka ndoa. Wanasubiri. Zamani kijana aliyesubiri alisubiri kimya, na hata shati lake halikujua. Wa pili ni Allen, aliyekaa seminari mwaka mmoja na tangu hapo hajanyamaza. Huyu alifundisha kinyume: kwamba sheria za kitanda ni za Wazungu waseja, kwamba mwili nao una haki zake, kwamba kanisa lisipobadilika litabaki na vikongwe. Kila semina ya vijana ilikuwa ni Hope na Allen wakirushiana maneno, vijana wakipiga makofi pande zote mbili, kisha wote wakienda kunywa soda. Juu yao alikaa mwenyekiti wa jumuiya, Jonas, dalali wa viwanja, ambaye mwanawe alikuwa na watoto wawili kwa mama wawili. Hakuna aliyeuliza habari hizo, maana mahema na viti vya misiba vilitoka kwa Jonas.

Mambo yaliharibika kwa picha. Hope aliwapeleka vijana wake Kawe kwenye kongamano, akawapiga picha ndani ya kanisa, fulana zao zimejipanga kama meno, akairusha kwenye kundi la simu la jumuiya. Nyuma ya fulana, kwenye foleni, alionekana mama mmoja mzee amefumba macho, ametoa ulimi, anapokea kwa namna ya kale. Watu waliikuza picha kwa vidole. Kabla ya magharibi Bunju nzima ilikuwa inajua kwamba Felicitas hupokea Kawe, na waliomuuliza aliwajibu kweli, kwamba wanaishi kama kaka na dada.

Jumatatu Projestus alikwenda kununua sabuni dukani kwa Mzee Matar, Mwarabu wa siku nyingi ambaye baba yake aliuzia pale mafuta ya taa.

"Nasikia umeiba kitu cha kanisa," Matar alisema, bila kuinua kichwa kwenye mizani.

"Nani kakwambia?"

"Wateja. Nyie Wakatoliki mna mambo, bwana. Mke wako si mke, dada yako si dada, na wote wawili wamo kwenye mama mmoja. Mie wanne wangenitosha, hesabu yake nyepesi."

"Wewe mmoja tu amekushinda."

"Kanishinda kweli." Matar akacheka mpaka akakohoa, kisha akampa sabuni na kusema taratibu, "Lakini mama yule msimsumbue. Mama yule anasali."

Paroko alikuwa kijana aliyepewa parokia mwaka juzi. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu mwoga wa watu, jambo ambalo kwa padri ni baya kuliko ubaya wenyewe. Alimsikiliza Projestus hadi mwisho, akachezea simu yake, akasema, "Mzee wangu, mie nawaamini. Ila jumuiya ndiyo inayowajua kwa karibu. Wakiridhika, mie sina neno. Mpaka hapo mama apumzike kidogo kupokea. Hata Kawe."

Apumzike. Kana kwamba kupokea kulikuwa kunamchosha. Jumapili iliyofuata Felicitas alikaa kwenye benchi, akakunja miguu kando kama zamani, na safari hii magoti yalimuuma, maana umri ulikuwa umeshapita.

Zamu ya sala ya jumuiya ikaangukia nyumbani kwao. Walikuja wote, hata wale ambao huonekana kwenye mazishi tu. Viti vya plastiki vikajaa uani, mshumaa ukawashwa mbele ya msalaba, Injili ikasomwa haraka haraka kama mtu anayekula aondoke. Kisha Jonas akakohoa.

"Mzee Projestus, sie hatuhukumu. Tunataka uwazi tu, kwazo liondoke."

"Kwazo gani?"

"La picha."

"Kwani picha nimepiga mie?"

Wachache wakaguna. Hope akasimama. "Babu, shikamoo kwanza."

"Marahaba."

"Babu, mie nafundisha vijana usafi wa moyo. Wananiuliza, mbona babu na bibi wanakaa nyumba moja, hawana ndoa, na wanapokea? Niwajibu nini?"

"Waambie wawaulize wazazi wao habari za wazazi wao."

"Hilo si jibu, babu. Lazima tuwe na viashiria." Hilo ni neno alilolibeba kutoka ofisini kwake. "Mnalala vyumba tofauti? Tangu lini? Kuna shahidi?"

Projestus aliutazama mshumaa. Mbele yake walikaa watoto aliowapakata siku ya ubatizo wao, wakingoja mzee mwenye mvi aeleze kitanda chake. Kwao Kamachumu mtu aliyeuliza swali kama lile hakujibiwa, aliombewa.

Hapo Allen akainuka kumtetea. Laiti angekaa.

"Jamani, tumwache mzee. Tuwe wakweli. Nani hapa anaamini watu wawili wanaopendana wanaweza kukaa nyumba moja miaka yote hiyo bila kitu? Haiwezekanagi. Mie nasema wapewe komunyo hivyo hivyo walivyo, na kanisa liache kuwalazimisha wazee wa watu kudanganya."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Jonas akaitikia. Na Projestus, aliyekuwa anamtazama Hope wakati huo, akamwona naye anaitikia, polepole, bila kujua.

Ndipo alipowaelewa. Mwaka mzima wale wawili walikuwa wametoana jasho juu ya usafi na mwili na haki, kumbe imani yao ilikuwa moja: kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Huyu wa kuruhusu alimwona mwongo wa kuhurumiwa, yule wa kukataza alimwona mwongo wa kufichuliwa. Aliyeandika NASUBIRI kifuani hakuamini kwamba yupo binadamu anayeweza kusubiri. Lile shimo lisilohitajika, ile michicha ya bure, yote yalikuwa mbele ya watu wasiokuwa na mahali pa kuyaweka vichwani mwao.

"Wapishe waone, Baba Benson."

Felicitas alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Waone nini?"

"Vyumba. Kwani vitapungua? Mie nataka kupokea tu."

Alisema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Kama angelia, Projestus angekataa. Akasogeza kiti, akapisha.

Wakaingia akina mama sita, wakiongozwa na Mama Eliaichi, jirani wa ukuta mmoja aliyekula mchicha wa Felicitas miaka nenda rudi. Walikuta chumba cha kwanza: kitanda, chandarua kilichoshonwa viraka, rozari kwenye msumari. Ng'ambo ya ukumbi wakakuta kitanda cha futi tatu, kimebonyea katikati kwa mgongo wa mtu mmoja, na magazeti yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Mmoja akainua godoro. Alitafuta nini chini yake, Mungu anajua. Kisha wakatoka wamebana midomo wasicheke.

"Vitanda viwili kweli vipo," Mama Eliaichi akatoa taarifa. "Ila kitanda kina miguu minne na hakitembei. Wenye miwili, je?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Felicitas akabaki ameshika fremu ya mlango. Hakutazama chini. Alimtazama Mama Eliaichi kama mtu anayetazama sufuria yake mwenyewe ikiwa jikoni kwa mwingine.

Kicheko kilipotulia, Jonas akatoa uamuzi, kwa sauti ile ile anayouzia viwanja vya watu wengine. "Njia nyepesi ni mmoja ahame. Nyumba mbili hazina maswali. Mzee akiwa kwingine, mama atapokea hapa hapa parokiani, mbele ya macho ya watu wote. Mie mwenyewe nitamwambia paroko."

"Basi chukueni mshumaa wenu," Projestus akasema.

Walipoondoka, Felicitas alikusanya viti, akaviegemeza ukutani, akaketi kwenye kimoja.

"Hutakwenda popote," alisema. "Nani atanitekea maji?"

"Benson ataleta mtu."

"Mtu. Mie nimeomba mtu?"

"Uliomba kupokea."

Akakunja na kukunjua upindo wa kanga. "Nimebakiwa na nini kingine cha kuomba, Baba Benson? Watoto wamekua. Nyumba ipo. Wewe upo."

"Ndiyo maana naenda mie. Ukienda wewe, utamkosa hata huyo Yesu wa Bunju."

Akacheka kidogo, akajipangusa pua. Hakusema tena abaki.

Akahamia kwa Benson, Mbezi Luis, chumba cha uani nyuma ya stendi kuu ya mabasi. Kila Alhamisi Felicitas humfuata na fungu la mchicha, na wazee hao wawili huketi kwenye viti vya abiria kati ya watu na mizigo yao, saa nzima au zaidi, kama kaka na dada wanaongoja basi. Huzungumza habari za mbolea na za magoti. Hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Wale wengine aliwaona mara moja tu baada ya sala ile, Jumapili aliyohama. Alisimama nyuma kabisa, karibu na bakuli la maji ya baraka, begi likiwa miguuni. Hope alikuwa mbele na fulana zake, safari hii za bluu. Allen alikuwa kwenye kinanda. Foleni ilipoanza kusogea, Jonas alimshika Felicitas kiwiko akamtanguliza, watu wote wamwone. Alipokea kwa ulimi, macho yamefumbwa. Jonas akaitikia kwa kichwa kama dalali aliyemaliza kuuza. Felicitas akageuka, akarudi taratibu kwa magoti yake mabovu hadi kwenye benchi la jumuiya, na Mama Eliaichi akakunja miguu kando ili apite.

Projestus akachukua begi, akatoka kabla ya matangazo, kwa kuwa alijua watatangaza kuhama kwake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.