Poti ya Kamera ya Mama

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Kisii, na kabla ya mwaka jana sikujua kwamba ruta ina poti. Nilijua ina taa. Zikiwaka, kuna mtandao. Zikizima, unaipiga kibao kidogo na kumwomba Mungu.

Mambo ya poti yaliletwa na anguko. Mama yetu anaishi peke yake kule Gesima, na siku moja aliteleza akichuma majani chai, akalala hapo kati ya mistari nusu siku nzima bila mtu kumwona. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, akaamua kwamba mama atahamia kwake. Mama akasema heri azikwe. Nikajitia kimbelembele, nikasema nitaweka kamera barazani tuwe tunamwona kwa simu. Kaka akakubali kwa sharti moja.

"Picha ikianza kupotea, nakuja na gari kumchukua. Sitabishana na mtu."

Kuiona kamera ukiwa humo humo nyumbani ni rahisi. Kuiona ukiwa Kisii ndiyo kazi. Aliyeniuzia aliniambia nifungue poti. Nilivyoelewa mimi, poti ni mlango wenye namba ndani ya ruta: ukibisha kutoka mbali, ruta inakupeleka kwa kamera, kwa ile namba ambayo kamera imepewa humo nyumbani. Kampuni ya mtandao ikanipa anwani isiyobadilika. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, nikajaza visanduku nikitoka jasho, nikabonyeza, na loo! Nikamwona mama kwenye simu akifukuza kuku. Nilishangilia kama mwehu.

Wiki nzima tulimwona. Jumamosi nikafungua simu, giza. Jumapili asubuhi, giza. Nikapanda Gesima. Ruta inawaka, kamera inawaka, poti iko wazi, lakini ile namba niliyoandika sasa ilikuwa ya simu ya mama! Nikarekebisha. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, safari hii namba ni ya televisheni. Kwani vitu hivi hubadilishana viti mimi nikigeuza mgongo?

"Mama, kuna mtu huja kugusa hii ruta?"

"Nani aje? Hapa ni mimi na kuku."

Nikalaumu umeme. Nikalaumu mvua ya mawe. Nikampigia aliyeniuzia, nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Kichwa kilikuwa kimenivurugika hata darasani nikasahihisha insha moja mara mbili, nikaipa alama tofauti. Wiki ya tatu kaka akapiga simu: "Mwalimu, nakuja Jumapili. Mwambie mama afungashe." Sikumwambia. Nilikosa uso.

Ijumaa ile nikapanda Gesima mapema, nikaketi mbele ya ruta kama askari. Mama alikuwa na shughuli zake: chakula cha kesho kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Jua lilipogusa mlima akaja polepole, akishika ukuta kwa sababu ya goti aliloumia siku ile ya kuanguka, akainama mbele yangu na kuchomoa waya wa ruta.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi nini? Hiki kinafanya kazi wiki nzima. Kwani hukukariri amri ya nne? Hata punda hupumzika."

Na Jumamosi jua likitua, akaniambia, hukirudisha. Ndipo kila kitu humo nyumbani hupanga foleni upya kupewa namba. Mimi niliyelelewa katika nyumba hiyo, niliyewahi kupigwa kofi kwa kuwasha redio Ijumaa jua likiwa limetua na Sabato imeingia, nilikuwa nimesahau kabisa. Niliona haya.

Jumamosi jioni alipoirudisha, nilitafuta mpaka nikapata kisanduku cha kuifungia kamera namba yake isichukuliwe. Lakini kumshawishi mama aiache ikiwaka siku ya Sabato, aka, huyo simwezi. Nikatoka nje nikampigia kaka, nikamweleza yote.

"Aliichomoa mwenyewe? Alisimama, akatembea hadi pale ukutani?"

"Mwenyewe."

"Basi muache hivyo hivyo," akasema. Hakuja.

Tangu hapo, kila Ijumaa jioni, yeye Nairobi na mimi Kisii, tunaketi na simu tukingoja picha izime. Ijumaa iliyopita jua lilitua, picha ikabaki. Baraza tupu, kiti, ndoo. Kaka akapiga: "Unaona?" Nikamjibu naona. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja, funguo mkononi, ndipo picha ikazima. Nikaketi kitandani na kile kiatu kimoja, nikalia.